Yai ni la Kichwa ama la Kiamsha Kinywa?

Siku mathe aliponipata jikoni nikipasua yai la pili, alidhani napika. Alipoona nalikoroga na avokado, halafu naanza kujipaka kichwani, alisimama mlangoni kimya. Kisha akauliza, "Wewe msichana, hilo yai ni la kichwa ama ni la ndugu yako?"

Sikuwa na jibu. Lilikuwa la ndugu yangu, na kesho yake alienda shule na chai ya mkono mtupu.

Nawaambia hii kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaohubiri kila siku kwamba vitu vya jikoni vinatosha kutunza nywele. Bado naamini hivyo. Lakini wasee, tumeanza kudanganyana, na ni afadhali tuambizane ukweli sisi wenyewe.

Kwanza, tukumbuke tulifikaje huko jikoni. Mimi nilinyolewa kila muhula, kutoka darasa la kwanza hadi fomu foo. Sheria ya shule. Nilimaliza nikiwa na miaka kumi na minane na sijawahi kuona nywele zangu zikifika urefu wa kidole. Zilipoota kidogo tu, mbio saluni, zikawekwa dawa. Dakika chache kichwa kikaanza kuwaka. Nikaambiwa nivumilie, urembo una gharama yake. Nikavumilia. Wiki hiyo nililala kifudifudi kwa sababu ya vidonda. Halafu nikasukwa matuta ya kukaza juu ya nywele hizo hizo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi nywele za mbele zikaanza kuniaga.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba dawa ya kunyoosha nywele ni alkali kali, na kwamba nyingine zina kostiki soda, ile ile ya kutengeneza sabuni na kuzibua mabomba. Mwaka wa 2022, watafiti wa Marekani waliokuwa wamefuatilia wanawake zaidi ya 33,000 waliripoti kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele mara nyingi, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wale ambao hawakuzitumia. Hiyo haimaanishi kila aliyeweka dawa ataugua. Lakini ni habari ambayo msichana wa miaka kumi na minane anafaa kupewa kabla hajakalia kile kiti.

Kwa hivyo nilinyoa zote, nikaanza upya na jikoni. Na hapo ndio nikajifunza kwamba si kila kitu cha jikoni ni rafiki.

Magadi, kwa mfano. Kuna watu wanakwambia uoshee nywele kwa magadi ati yanatoa uchafu. Ni kweli yanatoa. Lakini magadi pia ni alkali, ndugu mdogo wa ile dawa uliyoikimbia saluni. Yanainua magamba ya unywele, unabaki na nywele kavu zinazokatika ukizigusa. Limau nalo ni kinyume chake, asidi kali. Ukilipaka kichwani halafu utoke juani, ngozi inaweza kuungua. Asili si kibali. Pilipili pia ni ya asili, na hakuna anayejipaka machoni.

Avokado ni sawa. Inalainisha, na kichana kinapita bila vita. Lakini iponde hadi iwe laini kabisa kisha uipitishe kwenye kichungi. Mimi niliiponda kwa uma, nikakaa siku nne nikitoa vipande vya kijani kichwani kama mtu aliyeangukiwa na kachumbari. Na tumia ile imeiva kupita kiasi, ambayo hakuna mtu nyumbani atakula.

Mafuta ya nazi ndiyo nayaheshimu zaidi. Akina nyanya wa Pwani wameyapaka miaka na mikaka. Mwaka wa 2003 watafiti wa India waliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, wakaona ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea kwenye nywele. Sababu ni kwamba yanaweza kuingia ndani ya unywele, si kukaa juu tu. Paka kidogo usiku kabla ya kuosha. Kijiko kimoja kinatosha, hukaangi viazi.

Na maji, jameni! Nywele zetu zimejikunja, kwa hivyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki mwisho kwa urahisi. Ndiyo maana ncha hukauka. Lowesha kwanza, paka mafuta zikiwa bado na unyevu, chana kwa kichana cha meno mapana ukianzia chini kwenda juu. Hii haina gharama, na ndiyo imenisaidia kuliko kila kitu nilichowahi kukoroga kwenye bakuli.

Sasa turudi kwa yai. Protini ya yai ni kubwa mno, haiingii kwenye unywele. Inakaa juu, unahisi ulaini kidogo, unaosha inaenda. Ukiosha kwa maji moto inaiva, na utatoa mayai ya kukaanga kichwani mbele ya ndugu yako mwenye njaa. Unywele ulio nje ya ngozi hauna uhai. Haupigi chakula. Unaota kutoka kwenye mzizi, kama sentimita moja kwa mwezi, na mzizi unalishwa na damu. Na damu inalishwa na sahani. Mwili ukikosa protini au madini ya chuma ya kutosha, nywele zinaweza kuanza kupukutika, hata kama umepaka shamba zima la avokado.

Kwa hivyo mathe alikuwa na haki, ingawa alikuwa anatetea tu kiamsha kinywa. Yai linafanyia nywele kazi zaidi likiwa tumboni. Vivyo hivyo maharagwe na ndengu. Jikoni kweli kunatunza nywele, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika mezani.

Msimamo wangu ni huu. Usijipake chakula ambacho mtu nyumbani anakihitaji. Usijipake kitu kinachochoma, kiwe cha dukani au cha shambani. Ukisukwa na kichwa kikauma hadi unatafuta dawa ya maumivu, mwambie msusi afumue, hata kama ameshafika katikati. Na ukiona sehemu zimekuwa upara, usiongeze vitu kwenye bakuli, enda ukaone daktari wa ngozi mapema.

Nywele zangu za mbele zimerudi upande wa kulia. Upande wa kushoto bado ni chache, na nimekubali huenda zisirudi zote. Lakini nazijua sasa. Najua zinapopenda maji na zinapochoka. Na yai la asubuhi analikula mwenyewe.