Kaenda Salzburg kwa Tiketi ya Watu Watano, Songea Wakasema Kapata Bwana

Makundi ya WhatsApp ya Songea yamepata kazi. Kuna binti wa Bombambili anayesoma Munich, Ujerumani. Kapost picha sita akiwa Salzburg, Austria, na wenzake wanne: miwani, koti jekundu, ngome kubwa juu ya kilima nyuma yake. Chini kaandika maneno matatu tu, "Maisha ndiyo haya." Kabla jua halijazama hukumu ilikuwa imeshatoka. Kapata mzungu, kasahau kwao, mama yake anahangaika na vitenge vya mkopo sokoni huku mwenyewe anakula bata Ulaya.

Jina lake halitajwi hapa, limeshachezewa vya kutosha. Ila ukweli usemwe, kwenye hili pande zote mbili zimeteleza.

Waliotukana ndio wameteleza zaidi. Munich mpaka Salzburg ni kama kilomita 150. Kutoka Songea kwenda Mbamba Bay ni mbali kuliko hapo! Kijana wa Mfaranyaki akiondoka Jumamosi kwenda kuogelea Ziwa Nyasa, hakuna anayemuuliza nani kamlipia. Huyu kavuka mpaka kwa treni, kazunguka, kageuza siku hiyohiyo, anaitwa majina.

Halafu hiyo safari yenyewe, kwa wanaojua hesabu zake, ni ya kubana matumizi mpaka basi. Jimbo la Bavaria lina tiketi ya siku inayoitwa Bayern-Ticket. Mnaweza kuitumia mpaka watu watano kwa pamoja, na kila mnapoongezeka, mchango wa kila mmoja unashuka. Inakubali treni za kawaida za mkoa tu, zile za mwendo kasi hapana. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi na inaisha saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake. Na utamu wake ni kwamba inafika mpaka Salzburg, ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana walikuwa watano. Sio genge la mabosi, ni wanafunzi waliochangishana.

Mmoja wa marafiki zao anasema mikate na mayai ya kuchemsha vilitoka chumbani. Maji walijaza bombani, kule ya bomba yananyweka. Kile kikombe cha kahawa mezani walinunua kimoja, kikapigwa picha na watu watano. Ngome ya Hohensalzburg waliiangalia kutoka chini maana kuingia ni hela. Bustani ya Mirabell kuingia ni bure, na ndiko zilikopigwa picha nne kati ya zile sita. Nyumba aliyozaliwa Mozart wakaiona kwa nje, wakapiga picha mlangoni, wakasonga.

Sasa nani kamlipia? Kamlipia nidhamu yake ya mwezi mzima.

Na hiyo ya "Ulaya kuna hela" nayo iwekwe sawa. Mwanafunzi wa kutoka nje anayeenda Ujerumani bila ufadhili anatakiwa aonyeshe ana hela ya kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na wengi huzifungia kwenye akaunti maalumu inayowaachia euro 992 kwa mwezi. Ukizipiga kwa shilingi ni zaidi ya milioni mbili, na mtu wa Songea akisikia hivyo anaona utajiri. Lakini Munich ni kati ya miji yenye kodi ghali kabisa nchini humo, na bima ya afya ni lazima. Toa kodi, toa bima, toa chakula, uone kama inabaki ya kutuma nyumbani.

Lakini dada naye kateleza. Hakukosea kutembea. Kakosea kuweka picha bila bei.

Wapo watakaosema pesa ni yake, maisha ni yake, kwa nini ajieleze kwa watu? Hoja nzuri, na angekuwa anaishi peke yake duniani ingetosha. Ila bili ya ile posti hailipwi Munich, inalipwa Songea. Anailipa mama yake anapoomba wiki moja ya kuongezewa muda wa marejesho ya kikoba, anajibiwa, "Wewe una mtoto Ulaya, unatulilia nini?" Anailipa mdogo wake anapokosa daftari, halafu walimu wanamcheka. Inalipwa na mjomba anayekasirika kwamba kaomba laki mbili ya mbolea, kaambiwa haipo, kesho yake kaona picha ya Austria. Mjomba hajui kwamba siku nzima ile pengine haikufika hiyo laki mbili. Angejuaje, wakati hakuambiwa?

Kuna kubwa zaidi. Picha za namna hiyo ndizo matapeli wa "koneksheni ya Ulaya" wanazozipenda. Wanazichukua, wanamwonyesha kijana aliyemaliza kidato cha nne anayeuza vocha Majengo, wanamwambia ukifika tu maisha ndiyo haya. Kijana anauza magunia ya mahindi ya baba yake. Laiti chini ya picha ingekuwepo hesabu ya tiketi, mikate na kikombe kimoja, huyo tapeli angekosa cha kuonyesha. Na kijana angejifunza kitu cha maana: kwamba ukisoma nje, hata kutembea kunataka mpango, na kibali chako cha kuishi na pasipoti vitembee na wewe, kwa sababu polisi wa Ujerumani hukagua watu kwenye treni zinazotoka Austria.

Aibu ya umasikini ndiyo inayotumaliza watu wa kizazi hiki. Mtu anaona kula yai la kuchemsha kwenye benchi ni siri ya kufichwa, wakati hiyo ndiyo sehemu tamu ya stori. Kuiona nchi ya pili kwa hela ya kujibana ni ujanja. Dada, ujanja huo ulikuwa wa kujisifia kuliko hata koti.

Posti bado ipo na kuhariri maneno ni bure. Aandike bei. Na wale wa makundi, kabla hawajamaliza kumcheka, wamrudishie mama wa watu heshima yake pale sokoni.

Wadau, ingekuwa wewe, ungeweka ile picha ya mayai?