Wakipatana Wenye Chipu, Nani Huumia?

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Ndivyo tunavyojibiwa kila tunapojadili kampuni kubwa za teknolojia: waacheni washindane, bei zitashuka, na hata mwanafunzi wa Dzaleka atafaidika. Mimi napinga. Katika soko la kumbukumbu za kompyuta, zile ambazo mafundi huziita RAM, panzi wakubwa wamebaki watatu tu, na panzi wakipatana kunguru hulala njaa.

Watatu hao ni Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, pamoja na Micron ya Marekani. Kwa pamoja hushika takriban sehemu tisa kati ya kumi za soko hilo duniani. Je, hushindana? Ndiyo, lakini si siku zote. Mwaka 2005 Samsung ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ilishiriki kupanga bei kwa siri na wapinzani wake, ikatozwa faini ya dola milioni 300. Hynix nayo ilitozwa dola milioni 185. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya ikawatoza watengenezaji kadhaa zaidi ya euro milioni 331 kwa kosa la aina hiyohiyo. Micron ilisamehewa faini hiyo kwa sababu ndiyo iliyotoboa siri.

Sisemi kila ushirikiano ni wizi. Kampuni hizihizi hukaa pamoja katika shirika la JEDEC na kukubaliana viwango. Kwa sababu hiyo, RAM ya DDR4 ya Samsung huweza kuchukua nafasi ya ile ya Micron, na fundi wa kambini anaweza kufufua kompyuta moja kwa kipuri cha nyingine iliyokufa. Viwango hivyo huchapishwa hadharani. Bei zilipangwa gizani. Hapo ndipo penye tofauti.

Leo tatizo limekuja na sura mpya. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zimepanda sana, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara ya Crucial, jina ambalo wanunuzi wa kawaida walilizoea. Hapa haihitajiki hata njama. Wauzaji watatu wakimgeukia tajiri mmoja kwa wakati mmoja, maskini hana wa kumkimbilia.

Na maskini huyo ni sisi. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wanaosoma humu husoma kwa kompyuta. Mkimbizi hawezi kwenda kutafuta kazi Lilongwe apendavyo. Mwaka 2023 serikali iliamuru hata waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na bidhaa hizi hununuliwa kwa dola. Wengi wetu tumetoka mashariki mwa Kongo, ambako koltani inayotumika katika vifaa hivi huchimbwa kwa jembe na mikono. Tunatoa madini, kisha tunashindwa kununua kilichotokana nayo.

Wapo watakaosema Malawi ni ndogo mno kuwagusa wakubwa hao. Si kweli. Makao ya Tume ya Ushindani na Watumiaji ya COMESA yako hapahapa Lilongwe, na ilianza kazi mwaka 2013. Kanuni zake zinagusa kila mwenendo wa kibiashara wenye athari ndani ya soko la nchi wanachama, zikiwemo Malawi, Kongo, Burundi na Rwanda. Ulaya ilitumia sheria ya namna hiyo dhidi ya kampuni za mbali. Kwa nini sisi tushindwe?

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, Tume hiyo ifuatilie bei za kumbukumbu katika soko letu na itangaze inachokiona. Pili, vyuo vyetu, pamoja na vituo vya masomo vya Dzaleka, vinunue vifaa kwa pamoja. Chuo kinachonunua kompyuta kumi peke yake hupokea bei. Vyuo ishirini vikiungana hujadili bei. Wenye viwanda wanajua faida ya kushirikiana. Walimu wetu, kitu gani kinatuzuia sisi?