Mambo ya Afya: Buba katika Kisiwa cha Lihir

Wazee wetu waliijua sana buba. Ni ugonjwa wa ngozi unaowashika hasa watoto wa vijijini. Hauui upesi, lakini usipotibiwa hula ngozi na mifupa, na mtoto aweza kukua hali amelemaa. Huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, katika nchi zenye joto na mvua nyingi, hasa mahali ambapo maji ya kuogea na sabuni ni haba na hospitali iko mbali.

Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walisaidia kutibu watu wapatao milioni 50, katika nchi 46, kwa sindano ya penisilini. Buba ikapungua kwa kadiri ya sehemu 95 katika 100. Kisha bidii ikalegea, na ugonjwa ukarudi polepole katika nchi kadha wa kadha.

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji habari za Lihir, kisiwa cha nchi ya Papua New Guinea katika Bahari ya Pasifiki, kwa maana zina fundisho kwa kila mtu atunzaye shamba au daftari.

Mwaka 2012 Daktari Oriol Mitjà na wenzake waliokuwa wakifanya kazi huko walionyesha kwamba dawa ya azithromaisini, ikimezwa mara moja tu, yaponya buba sawa na sindano. Mwezi wa Aprili 2013 ikatolewa kisiwani kote, kwa wagonjwa na wazima pia, kwa kuwa mtu aweza kuwa na vijidudu vya buba mwilini bila kuonyesha kidonda chochote. Katika kila watu 100, karibu 84 waliimeza. Kabla ya hapo, watu 18 katika kila 1,000 walikuwa na buba iliyo dhahiri. Baada ya miezi 18 alibaki mtu 1 tu katika 1,000.

Wengi wangaliona kwamba kazi imekwisha. Lakini madaktari hao waliendelea kurudi vijijini kila baada ya miezi 6, wakikagua ngozi, wakipima damu na kuandika yote waliyoyaona. Ilipopita miezi 24 buba ilianza kuonekana tena, na ilipotimia miezi 42 wagonjwa walikuwa 4 katika 1,000. Daftari lilionyesha sababu. Sehemu kubwa ya ugonjwa ilikuwa kwa watu waliokosa dawa siku zile za kwanza, na kwa wakazi walioambukizwa upya. Tena walionekana watu 5 wenye vijidudu visivyouawa na dawa ile, ikabidi watibiwe kwa penisilini. Kama hesabu ingaliachwa mapema, hayo yote yasingalijulikana.

Mkulima atalielewa jambo hili bila shida. Ukiogesha ng'ombe 84 katika josho na kuwaacha 16 porini, je, kupe watakwisha? Na hata ukiwaogesha wote mara moja, je, hutawarudisha joshoni tena?

Ndivyo madaktari walivyofikiri. Wakajaribu katika mkoa wa New Ireland, ambao Lihir ni sehemu yake. Vijiji vingine vilipewa dawa ya buba mara 1, na vingine mara 3, kila baada ya miezi 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Palipotolewa mara 1, wagonjwa walipungua kutoka 46 hadi 16 katika kila watu 10,000. Palipotolewa mara 3, walipungua kutoka 43 hadi 4.

Basi, Bwana mkulima, waganga wakija kijijini kwako kutoa dawa ya minyoo au ya kichocho, usiseme, "Sisi tulikwisha meza mwaka jana." Meza tena, na umwite jirani aliye shambani. Nawe karani, uandikapo majina ya waliomeza dawa, usisahau kuyaandika ya wale wasiokuwapo. Hao ndio watakaofuatwa kesho, na pasipo majina yao hakuna ajuaye wa kumtafuta.