Mchoraji Naye Ni Fundi

Katika miji yetu ya pwani, tangu Vanga hadi Kiunga, fundi ni mtu mwenye heshima yake. Fundi wa jahazi hupishwa njia. Fundi wa nakshi hungojwa miezi kwa ajili ya mlango mmoja. Mshoni wa kofia za vito hujulikana kwa jina na kwa mtaa. Lakini mtoto akimwambia babake, "Nataka kusomea uchoraji," nyumba nzima huingia baridi, kana kwamba ametaja maradhi. Swali la kwanza huwa, "Utakula nini?" La pili, "Je, ni halali?" Na la tatu, ambalo halisemwi ila husomeka usoni, ni, "Watu watasemaje?"

Maswali haya si ya kuchekwa. Mzazi anayeuliza mwanawe atakula nini hana kosa. Kosa ni kuuliza na kisha kutongoja jawabu. Swali lisilotafutiwa jawabu hugeuka kufuli. Kwa hivyo nimeona uzuri leo tulifungue kufuli hilo katika ukurasa huu, tukisaidiwa na binti mmoja wa Mombasa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sanaa katika chuo kikuu kimoja cha bara, aliyenijia na daftari lake la fikira. Jina lake naliweka, ila ruhusa ya kuyasema aliyoyaandika amenipa. Babake anamtaka aache sanaa ahamie biashara kabla ya muhula mpya kuanza. Yeye anataka amalize. Kila mmoja wao amenitaka nimsemee kwa mwenziwe, nami naona heri niwasemee wote wawili hadharani, maana yao ni ya nyumba nyingi.

Tuanze na la halali, kwani bila ya hilo mengine hayasikizwi. Hadithi sahihi zinawaonya vikali wale waundao sura za viumbe wenye roho, na wanavyuoni wetu wametofautiana juu ya mipaka ya onyo hilo. Mimi si mufti, wala ukurasa huu si mahali pa kutolea fatwa. Mwenye shaka na amwendee shekhe wake. Lakini kuna kisa kimoja kilichopokewa na Bukhari ambacho chafaa kukumbukwa na kila mzazi. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas akamweleza kwamba riziki yake yatokana na kazi ya mkono wake, nayo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.). Yule mtu akashtuka, uso ukamsawijika. Ndipo alipoambiwa kwamba ikiwa hana budi kuendelea na kazi yake, basi na achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Tazama hekima iliyomo. Yule fundi hakuambiwa aukunje mkono wake aende akaombe. Riziki yake ilitazamwa, na mlango mwengine akafunguliwa. Na kwa mlango huo ndimo walimoingia wazee wetu. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaipamba kurasa kwa kurasa. Mafundi wa Lamu walichonga mifaa na vizingiti vya milango, wakajaza kuta za ndani zidaka na nakshi za chokaa. Mama zetu walisuka mikeka kwa rangi na hesabu ambayo hakuna aliyewaandikia. Je, haya si michoro? Asemaye kwamba sanaa ya macho ni jambo geni kwetu hajainua uso kuutazama mlango anaoupita kila siku akienda msikitini.

Sasa tuje kwenye daftari la binti yetu. Amegawanya fikira zake mafungu matatu: maonyesho, wageni, na kazi.

Juu ya maonyesho aliniambia hivi: "Maalim, nimeshiriki maonyesho matatu, yote Nairobi. Mamangu hajaona hata picha yangu moja ikiwa imetundikwa."

"Ni umbali, mwanangu?" nilimuuliza.

"Umbali ni jambo moja. Lakini hata angekuwa mlango wa pili, ningemletaje mahali ambapo siku ya kufungua watu hupokewa kwa bilauri za mvinyo?"

Maneno haya yalinipa kufikiri. Nairobi ilikuwa kambi ya reli mwaka 1899, na ilipofika 1965 ilikuwa tayari na nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, iliyoanzishwa na Elimo Njau na wenzake. Mombasa ni mji mkongwe kuliko Nairobi kwa karne nyingi, na bado mwana wa Mombasa hupanda gari usiku kucha ili aende akaonyeshe kazi yake kwa watu wasiomjua, huku waliomlea hawaioni. Na kuna jambo jengine aliloliandika ambalo sikuwa nimelitia maanani. Asema kwamba katika nyumba za sanaa kila picha ina jina la mchoraji na bei yake. Akienda kwenye makumbusho, huona mlango au kiti cha enzi au siwa, pameandikwa mahali kilikotoka na karne yake, lakini jina la fundi hapana. Kazi ya mgeni ina mwenyewe. Kazi ya babu yetu ina mahali tu. Hakuna wa kulaumiwa kwa majina yaliyokwisha potea. Lakini hawa mafundi walio hai leo, nani anayaandika majina yao?

Hapa wapenzi wasomaji nataka niwatajie mtu mmoja ambaye maisha yake yanatufaa. Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Babake alikuwa mwalimu wa Kurani, na mtoto alianza kujua khati na mapambo juu ya ubao wa chuoni, ule ule ambao wengi wetu tuliandika kwa wino wa masizi na kuuosha tukishahifadhi. Akaenda kusomea uchoraji London, katika chuo cha Slade, baina ya 1954 na 1957. Aliporudi kwao alifanya maonyesho Khartoum, na watu wa mji wake hawakuyajali. Angeweza kusema kwamba watu wale ni wajinga, akarudi Ulaya. Hakufanya hivyo. Alijiuliza kwa nini kazi yake haisemi nao, akaanza kutazama upya vitu walivyovipenda wao: khati ya Kiarabu, mapambo ya nyumba na vyombo vya vijijini. Akavitia katika picha zake. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za umri wake. Alifika huko kwa kupitia ubao wa chuoni, si kwa kuukimbia.

Mafunzo ni mawili. Msanii ana haki ya kuonekana na watu wake, nao watu wake wana haki ya kuonyeshwa jambo linalowahusu. Kwa hivyo natoa shauri. Maonyesho na yafanywe kwetu, baada ya alasiri, kwa kahawa na halua, mahali ambapo mama mwenye buibui anaingia bila ya kuona haya. Wakati wa Maulidi ya Lamu mji hujaa watu kutoka kila upande wa pwani hii. Je, ni ghali kiasi gani kutenga chumba kimoja cha khati na nakshi na michoro ya vijana? Na Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya makumbusho na shughuli za utamaduni. Basi wakubwa wa Mombasa, Lamu, Kilifi, Kwale na Tana River wasitwambie kwamba jambo hili ni la Nairobi.

Fungu la pili ni wageni. Lamu imekuwa na tamasha la wachoraji tangu 2011, ambapo wachoraji wa Ulaya na wa humu nchini hukaa vichochoroni na ufuoni wakichora majahazi, punda na milango. Binti yetu asema alijifunza mengi kwa kumtazama mchoraji mkongwe akifanya kazi: namna anavyokaa kimya muda mrefu kabla ya kugusa rangi, namna anavyoitupa karatasi iliyoharibika bila ya huzuni. Hilo halipatikani kitabuni. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone, nami simo miongoni mwa wale wanaomwona kila mgeni mwizi.

Lakini mgeni naye ana mpaka wake, na mwenyeji asipouweka wa kulaumiwa ni mwenyeji. Tusisahau yaliyotupata Venice, Italia. Mwaka 2013, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo, banda lililobeba jina la Kenya lilikuwa na Wachina na Waitaliano wengi kuliko Wakenya. Mwaka 2015 mambo yalikuwa yakielekea huko huko, wasanii wetu wakapiga kelele, na serikali ikalikana banda lile. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo jina letu lilipowakilishwa huko na wasanii wetu. Hicho ndicho kisa cha mgeni kukalia kiti cha mwenyeji, na mwenyeji kusimama mlangoni na kiatu mkononi.

Dawa si kufunga mlango. Dawa ni kuwa na sharti. Mchoraji mgeni ajaye kwetu na akaribishwe vizuri, na aombwe mambo mawili: siku moja ya kuwafunza vijana wa shule zetu, na picha moja ibakie katika mji alioichora. Mwungwana hatakataa.

Sasa kazi, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi wa baba na bintiye. Baba asema sanaa haina kazi. Mimi nasema kazi zipo, ila hazina mlango mmoja wa kuingilia. Mtaala mpya wa shule umeifanya sanaa na michezo kuwa mkondo mmojawapo kati ya mitatu ya sekondari ya juu. Mkondo huo hautaendeshwa bila ya walimu. Vitabu vya watoto vyataka michoro. Milango na kuta za kale zataka watu wa kuzitengeneza bila ya kuziharibu, hasa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kanga anayovaa mke wako ina pindo, ina mji, ina jina. Yuko mtu aliyekaa akaichora kwanza. Kwa nini mtu huyo asiwe binti wa Kibokoni, anayejua jina gani litapendwa na pindo gani litachekwa?

Hata hivyo sitampamba binti nikamficha baba ukweli. Uchoraji mtupu bila ya hesabu ni chombo chenye tanga kisichokuwa na usukani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya ubao, akafariki 1972. Miaka ile michache ilitosha jina lake kuwa jina la aina nzima ya picha, zinazouzwa leo kila penye mtalii. Jina lilikwenda mbali. Mwenyewe aliondoka mapema, na wauzao hawahesabiki. Kwa hivyo mwanafunzi wa sanaa na ajue sheria kama anavyojua rangi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na marekebisho ya 2019 yalimpa haki ya asilimia 5 picha yake inapouzwa tena na wafanyibiashara wa sanaa. Ni wachache wanaolijua hilo. Kila kazi na itiwe sahihi na tarehe, kila mapatano yaandikwe, na kila shilingi iingie daftarini. Haya ndiyo masomo ya biashara ambayo baba anayataka, na yanaweza kusomwa bila ya kuitupa kalamu ya rangi.

Nilimuuliza binti lengo lake ni nini. Nilidhani atanitajia Paris au New York. Akasema, "Maalim, nataka kufunza, na nichore kanga na khati. Na nataka siku moja mtoto apite Mji wa Kale, aone mlango wazi, aingie, akute ukutani jina la mtu wa kwao."

Mzee mwenzangu, nasema nawe kwa heshima. Mwanao amebakisha mwaka mmoja. Kumwachisha leo ni kulivunja jahazi lililosalia kutwekwa tanga, kisha kulalamika kwamba mbao zimepotea bure. Mwache amalize, na umwekee sharti: asome hesabu za biashara pamoja na sanaa yake, na akimaliza arudi kufanya kazi kwenu. Nawe binti, sharti hilo usilione kuwa adhabu. Aliyekulipia karo ana haki ya kuuliza, na jawabu bora zaidi la swali lake ni kazi iliyotimia, iliyotiwa sahihi, na kuuzwa kwa bei ya haki.

Wazee wa kale walisema nyumba njema si mlango. Ni kweli. Lakini wao wenyewe waliosema hivyo walimlipa fundi auchonge mlango huo hadi mwisho, wakamlisha na kumheshimu siku zote alizokuwa kazini. Tuwatendee wachoraji wetu vivyo hivyo.