Mgomba, Rambo na huu mfuko unaojiita mbadala

Juzi nilikuwa Mbuyuni, Moshi mjini, natafuta dagaa. Mama akanipimia, akawatia kwenye kamfuko ka nailoni kasiko na mshikio, halafu hako nako akakatumbukiza kwenye ule mfuko wa "kitambaa" ambao naununua kila safari kwa sababu wa kwangu huwa nausahau nyumbani. Nikamwuliza, mama, haya si marufuku? Akacheka. "Mwanangu, marufuku ni Rambo. Hiki ni kifungashio."

Yule mama anaijua sheria kuliko baadhi yetu tuliosoma. Kanuni zilizoanza kazi tarehe 1 Juni 2019 zilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Ukikutwa nao ni faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au ndani siku zisizozidi saba. Lakini kanuni hizohizo ziliacha mlango kwa vifungashio vya dawa, viwandani, ujenzi, kilimo na usindikaji wa chakula. Wajanja wakapita humohumo. Nailoni ya karanga ikaanza kubeba nyanya, hadi mwaka 2021 serikali ikabidi itoke tena kukemea.

Na ule mfuko wa "kitambaa"? Wengi wanaamini ni pamba au aina fulani ya karatasi. Jamani, ule ni polipropilini, yaani plastiki, iliyovutwa ikawa nyuzi kisha nyuzi zikashikanishwa kwa joto. TBS walitaka uwe na gramu 70 kwa meta ya mraba ili udumu. Ukidumu ukautumia mara mia, sawa. Ukiutumia mara moja kama mimi, umetupa plastiki nyingi kuliko Rambo. Ukichakaa unanyumbuka nyuzinyuzi, mvua inazisomba hadi mtoni, na maji ya mlima yanateremka mpaka Nyumba ya Mungu na Mto Pangani.

Ndiyo maana nimevutiwa na habari za nanoselulosi. Msiogope jina. Nanometa ni meta moja ukiigawa mara bilioni. Unywele wako una upana wa kama nanometa 80,000. Mmea wowote umejengwa kwa selulosi, na ukiipasua selulosi sanasana unapata nyuzi za upana wa nanometa 5 hadi 20 hivi. Nyuzi hizo zikitandazwa zikakauka, zinabanana hadi hewa ya oksijeni inapita kwa shida sana. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu kifungashio kinachozuia hewa ndicho kinachofanya karanga zisichache. Ukipaka utando wake juu ya karatasi, unaanza kukaribia kazi ya ile nailoni ya yule mama.

Sasa tazama tulichonacho. Panda Marangu, Kibosho, Machame, kila kihamba kina migomba. Mgomba unazaa mkungu mmoja, unakatwa, chipukizi linashika zamu. Shina linalobaki lina nyuzi nzuri, na Uganda tayari kuna kampuni ya TexFad inayozigeuza vitambaa. Ukishuka Arusha Chini, TPC wana makapi ya miwa. Lower Moshi kuna pumba za mpunga.

Hapa ndipo naanza kuwa mkorofi. Wanaosema "taka za mgomba" hawajawahi kufuga uchagani. Shina la mgomba ni chakula cha ng'ombe wa ndani, hasa kiangazi. Lingine linakatwakatwa na kuachwa shambani lirutubishe udongo. Makapi ya miwa nayo TPC wanayachoma kuzalisha umeme. Kwa hiyo anayetaka malighafi hii ajue kwamba anamnyang'anya ng'ombe au anazima taa, na alipe bei inayolingana. Tena sehemu kubwa ya shina hilo, kama asilimia 90, ni maji. Ukilipakia kwenye Fuso kutoka Rombo, umelipia dizeli kusafirisha maji. Kukamua nyuzi kunatakiwa kufanyike hukohuko kijijini, kwa mashine ndogo.

Halafu kuna mambo mawili wauzaji wa ndoto hawayasemi kwa sauti. Kwanza, utando huo hauupendi unyevu. Hewa ikiwa na majimaji unalegea na ule uwezo wa kuzuia oksijeni unashuka, kwa hiyo kwa dagaa wabichi au maziwa peke yake hautoshi. Pili, kuipasua selulosi ni kazi. Ama unatumia asidi kali ya salfuriki, na hapo nataka kuonyeshwa maji machafu yatakwenda wapi kabla ya kuonyeshwa mfuko, ama unaisaga kwa mashine zinazokula umeme ambao sote tunaujua unavyopatikana.

Lakini msiniambie nano ni ya Wazungu. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na nano. Alianza na tatizo lililokuwepo, maji yenye floridi na vijidudu. Ndivyo ningependa tuanze na hili. Mfuko wa kubebea tuuache, kikapu na gunia la katani vinatosha, na wazee wa Moshi wanakikumbuka kiwanda cha magunia. Tuanze na pakiti ndogo za vitu vikavu: karanga, unga wa ndizi, kahawa. Kahawa hasa. Mlima huu unakuza kahawa zaidi ya miaka mia, na bado nyingi inaondoka mbichi kwenye magunia, ikakaangwe na kufungwa kwenye pakiti kule ng'ambo.

Angalizo moja kwa wanaonunua kwa jumla. Ukiletewa "plastiki ya mahindi" ukaambiwa inaoza, uliza inaozea wapi. Ile ya PLA inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la kama nyuzi 60. Ukiitupa Kaloleni dampo utaikuta mwakani.

Mliopo maabara, iwe Tengeru au Morogoro, tupieni hapo chini hesabu moja tu: kilo ya nyuzi za mgomba zilizokaushwa, mwenye kihamba anaweza kulipwa shilingi ngapi? Nikiipata nitairudisha Mbuyuni kwa yule mama, maana aliniuliza hilohilo.