Dada Si Mali ya Kaka

Msomaji, yamkini umekwisha kuiona riwaya ya namna hii ikipita mkono kwa mkono darasani: mchezaji wa magongo ya barafuni, huko Marekani, ampenda dada wa rafiki yake, rafiki aghadhibika, na kurasa nyingi zatumika kumwomba radhi kaka. Wako walimu wanaoinyang'anya kwa sababu ya mapenzi yaliyomo. Mimi naona ubaya wake uko kwingine. Msichana hugombewa kama mpira ulio kati ya magongo mawili, naye mwenyewe huulizwa mwisho.

Usiseme kuwa hayo ni ya nchi za barafu tu. Sisi magongo twayacheza majanini, na Kenya ilipata kuwa ya nne katika Kombe la Dunia la 1971. Shule ya Kamusinga, katika Bungoma, ina sifa kubwa ya mchezo huo. Mvulana wa Kitale asomaye huko, akialikwa likizoni kwa mwenziwe wa timu, aweza kumpenda dada wa mwenyeji wake. Amekosa nini? Mila ya Kibukusu itamwuliza ukoo wake, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani. Swali hilo ni la haki, na hujibiwa na wazee, si na mlinda lango! Sheria nayo hungoja miaka 18, na kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 chataka hiari ya hao wawili waoanao. Kaka hatajwi.

Nawe kijana, rafiki yako akikuambia, "Nakukataza dada yangu," mwulize dada amesema nini.