Mfungo Hupimwa Sokoni

Wasomaji wetu, mwaka 2025 Kwaresima yetu na Ramadhani ya Waislamu zilianza kwa kupishana siku chache tu katika mwezi wa Machi. Sokoni Himo, penye njia panda ya Marangu na Taveta, Mkristo na Mwislamu walikaa bega kwa bega wakiuza mahindi na maharagwe, wote wamefunga. Ndipo tuliposikia baadhi ya Wakristo wenzetu wakinong'ona: "Wale hushinda na njaa tu, mfungo wa kweli ni wetu."

Neno hili ni majivuno, nasi twalikataa.

Hatusemi kwamba dini zote ni moja. Sisi twamkiri Kristo wala hatuoni haya. Lakini twauliza: mfungo wetu umezaa nini? Yuko auzaye kwa kopo lililobonyezwa kitako; mjane hulipa bei ya kopo zima, akapata pungufu. Yuko mnunuzi ashindiliaye gunia hata likawa lumbesa, akamlipa mkulima bei ya gunia moja. Jioni mtu huyo huenda kanisani na uso wa toba! Je, huyu amefunga nini? Tumbo amelifunga, mkono wake haukufungwa.

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 11, chaanza kwa kuishutumu mizani ya hila. Nayo Kurani ina sura nzima, ya 83, iitwayo kwa jina la wapunjao vipimo. Tena Mwislamu hutakiwa kutoa zaka ya fitri kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye ale siku ile. Hata wazee wetu Wachaga, kabla Injili haijafika mlimani, walijua huruma: mkosaji akija na jani la isale, aliyekosewa alipaswa kumsamehe. Sisi tulioongezewa nuru, tutajibu nini tukionekana nyuma yao?

Labda mtu atasema: "Twaokolewa kwa neema, si kwa vipimo." Ni kweli. Lakini neema isiyofika kwenye kopo imefika wapi?

Basi, ndugu, Kwaresima ijayo tusianze kwa kupima mfungo wa jirani. Kila mtu na atwae kopo lake, alinyoshe kitako, kisha ampimie mjane lijae. Hapo ndipo tufunge.